Niliyojifunza kwa Kughani Dodoma Nikiwa Kuchu

Napokea sana ujumbe kutoka kwa vijana wanaoandika mashairi, wengi wao mabinti, mara nyingine kaka wa chuo. Swali lao ni lile lile hata likizungushwa vipi: dada, nina shairi linalomhusu mtu ninayempenda, nilighani au nilifiche? Nimekuwa nikiwajibu mmoja mmoja usiku. Sasa nayaandika yote mahali pamoja, na gharama zake, maana yalipokuwa yananikuta mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Mimi ni mwanamke, ni mghani, na mwenzangu wa nyumbani, mpenzi wangu, ni mwanamke. Ndiyo maana najiita kuchu, jina tunalojiita sisi tunaopenda watu wa jinsia yetu. Majina siyaandiki, langu wala la mtu yeyote wa kisa hiki.

Nimezaliwa Kongwa, mkoani Dodoma. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mpiga muheme, ile ngoma ya Wagogo inayopigwa na wanawake wakiwa wameibana katikati ya mapaja. Utotoni nilikuwa najisogeza karibu naye kiasi cha kurushiwa vumbi na miguu yake. Nilichojifunza pale hakuna chuo kilichowahi kunifundisha: anayeanzisha wimbo anautupa mstari, wenzake wanaudaka, na usipodakwa wimbo umeishia hapo, hata sauti yako iwe nzuri namna gani. Shuleni tukaghani ngonjera mbele ya wageni rasmi, mikono ikipanda na kushuka pamoja. Wengi wa rika langu hawajui kwamba aliyezipa ngonjera nguvu nchi nzima, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ni Mgogo wa hapa hapa Dodoma, Mathias Mnyampala. Nalitaja hili kwa sababu kijana akipanda jukwaani leo anaambiwa ameiga Nairobi au Marekani. Hajaiga. Kusimama mbele ya watu na kusema maneno yenye mapigo ni kazi ya kwao.

Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na mji ukawa jiji Aprili 2018, kazi zilianza kutujia. Makongamano, warsha za mashirika, uzinduzi wa ripoti, Siku ya Wanawake Machi 8, na baadaye Siku ya Kiswahili Julai 7. Mghani anaitwa afungue shughuli kabla mgeni rasmi hajasimama, dakika tano, shairi la kuagizwa: lishe, maji, kodi, ukatili wa kijinsia. Mimi nilikuwa nalipwa laki na nusu hadi laki mbili, shughuli kubwa laki nne. Zile jioni zetu wenyewe za mashairi, kwenye mkahawa wa Area D au kaukumbi ka kukodi, hazina hela. Kiingilio elfu tano, nayo inaishia kwenye spika na maiki. Kwa hiyo mghani wa Dodoma anakula kwa mteja mmoja, ofisi, na ofisi haitaki jina lenye maneno maneno. Lishike hili, ndipo utaelewa jinsi shairi moja lilivyonikatia riziki.

Sheria nayo ijue kabla hujapanda jukwaani, usisubiri kuijulia kituoni. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, kinaadhibu kile inachokiita makosa dhidi ya maumbile kwa kifungo cha hadi maisha, na si chini ya miaka 30. Kipo pia kifungu cha 138A, kuhusu vitendo vya aibu, ambacho ni kipana na kinaweza kumkumba yeyote. Zanzibar ilifanya marekebisho mwaka 2004 yanayowataja wanawake waziwazi, adhabu hadi miaka 5. Ukisoma kwa utulivu utaona vifungu hivi vinahusu matendo. Shairi la mapenzi halimo humo. Lakini anayekuja kukugongea mlango hana kitabu cha sheria mkononi. Nilikuwa bado mwanafunzi Oktoba 2018, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alipotangaza kikosi cha kuwasaka watu kama sisi na kuwaomba wananchi wapeleke majina. Wizara ya Mambo ya Nje ilitoka siku chache baadaye kusema yale ni maoni yake binafsi. Hata hivyo wiki ile watu walifuta namba za marafiki zao wa miaka. Mimi nilifuta mashairi, na mengine sijaweza kuyakumbuka tena.

Sasa shairi lenyewe. Tulikuwa tumepanga chumba na sebule Nkuhungu, mimi na mwenzangu ambaye ni muuguzi. Ua lilikuwa moja, wapangaji wengi, kamba ya kuanikia moja. Nikaandika:

Kamba moja, doti mbili,
jirani anahesabu.
Anahesabu vikombe, anahesabu viatu,
hahesabu usiku ule mwanawe alipoharisha,
tukatoka na maji, chumvi na sukari,
tukamnywesha kijiko kijiko hadi kukakucha.

Kabla halijasikika popote nilimsomea mwenzangu. Hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo nilipoona wenzangu wengi wanateleza. Shairi la mapenzi lina watu wawili ndani yake, na anayepanda jukwaani ni mmoja. Mimi nikitajwa, kazi yangu ya kuagizwa itayumba. Yeye akitajwa, ana mwajiri, ana leseni ya taaluma, ana wadogo zake anaowalipia ada. Alinisikiliza akiwa anakunja sare, akanyamaza, kisha akaniambia, "Toa mstari wa sare nyeupe. Mingine iache." Kulikuwa na mstari unaosema sare nyeupe inakaukia karibu na gauni langu. Ulikuwa mstari mzuri kuliko yote, na niliutoa. Ukimwandika mtu aliye hai, msomee kwanza, na akisema toa, utoe usiku huo huo bila kubembeleza. Kama huwezi kumsomea, shairi hilo bado ni la daftari.

Nililighani jioni moja mbele ya watu wasiozidi hamsini. Mstari wa kijiko kijiko ulidakwa, niliusikia ukidakwa, akina mama wawili waliokaa nyuma waliguna kwa pamoja. Nilishuka nikiwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwenye kongamano lolote. Mtu mmoja alikuwa amerekodi. Alikata kipande cha mwanzo tu, doti mbili na viatu, akaacha la mtoto, akaweka juu yake maneno kwamba wasagaji wameshaingia makao makuu. Kesho yake asubuhi klipu ilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya watu ambao hawajawahi kusikia shairi langu hata moja.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Hakuna aliyeniambia hutakiwi. Afisa aliyekuwa akiniita mara kwa mara aliandika, "Dada, ratiba imebadilika, tutakutafuta." Mwingine akaacha kupokea simu. Shughuli iliyokuwa imethibitishwa ikapewa kwaya. Nilikuwa natarajia matusi, na yalikuwepo mengi, lakini kilichoniumiza zaidi ni ule upole wa watu wanaokufungia mlango taratibu. Nililala mchana, nikaacha kula, nikaanza kumkaripia mwenzangu kwa mambo ya kipuuzi. Ukifika hapo, tafuta mtu wa kuzungumza naye aliye nje ya nyumba yenu. Mimi nilimpata mshauri nasaha kupitia rafiki, elfu thelathini kwa kikao, na nilimwambia wazi mwanzoni kabisa: nakuja kwa ajili ya usingizi na hofu, sikuja kubadilishwa. Alikubali. Asingekubali ningeondoka.

Mama mwenye nyumba alikuja jioni, amejifunga kitenge, akasimama mlangoni bila kuingia. "Mwanangu, mimi sina neno na wewe. Ila watu wanaongea, na nina wapangaji wengine." Kodi yetu ilikuwa elfu themanini kwa mwezi, tulishalipa miezi sita kama kawaida ya hapa, na miezi mitatu ilikuwa bado. Tulikuwa na mkataba wa maandishi uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, pamoja na risiti. Kwa karatasi hizo alirudisha hela ya miezi miwili na kutupa wiki mbili za kutafuta pengine. Rafiki yetu mmoja aliyefukuzwa mtaa mwingine hakuwa na karatasi yoyote, vitu vyake vilitolewa nje na hakurudishiwa hata shilingi. Kwa hiyo dai risiti, hata kwa mwenye nyumba anayekuita mwanangu.

Mwenzangu aliitwa ofisini kazini akaulizwa kama anaishi na mimi. Akajibu kwamba tunapanga pamoja, kodi za Dodoma zimepanda tangu serikali ihamie, na hilo ni kweli tupu. Wakamwachia. Mstari wa sare ungekuwemo, sidhani kama wangemwachia.

Kisha kikao cha ukoo. Niliitwa Kongwa, na nikaambiwa mzee wa kanisa atakuwepo. Wenzangu walinishauri nisiende. Nilienda kwa sababu moja: mama alikuwa anajua tayari. Nilishamwambia mwenyewe muda mrefu kabla ya klipu, jikoni, tukichambua mlenda, na aliniminyia maneno kwa miezi. Sisemi kila mtu amwambie mzazi wake. Wapo wazazi ambao ukiwaambia unajitafutia fimbo au kufungiwa ndani, nawe ndiye unayewajua wako. Ninachosema ni kwamba kama kuna ndugu mmoja mwenye moyo, habari yako ifike kwake kwa mdomo wako, isifike kwa simu ya jirani. Kwenye kikao baba mkubwa aliongea sana: heshima ya ukoo, shangazi zangu wanaotarajia mahari, maombi ya siku tatu ambayo yameshapangwa. Mimi sikubishana Maandiko, wala sikujibu swali lolote kuhusu mwili wangu. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, akanyoosha kanga yake magotini, akasema, "Huyu ni mwanangu. Hayo mnayonieleza ninayajua. Kama kuna jipya lisemeni, kama hakuna, watu wale chakula." Chakula kikaletwa. Baba mkubwa hajaongea nami tangu siku hiyo, na linaniuma, maana ndiye aliyenilipia ada ya kidato cha tano.

Ukilazimika kwenda kikao cha namna hiyo, usiende peke yako. Mimi nilisindikizwa na rafiki aliyejitambulisha kama mfanyakazi mwenzangu, na hakutoka pembeni yangu. Nauli ya kurudi ikae mwilini, isikae kwenye mkoba, kwa sababu mkoba utapokelewa mlangoni. Mtu aliye mjini ajue saa utakayompigia, na ajue la kufanya usipopiga.

Klipu ilinileta pia watu wa aina mbili ambao hata wewe watakufikia. Wa kwanza ni shabiki anayependa sana kazi yako na anataka mkutane gesti. Wa pili anasema anakufahamu, anajua mwenzako anafanya kazi wapi, na ukimtumia laki tano atanyamaza. Huyu wa pili alinitetemesha. Sikumlipa, kwa ushauri wa wakili niliyekuwa nimeshaongea naye kabla. Wanaolipa huombwa tena, na kiwango hupanda. Nilihifadhi ujumbe wake wote, nikapiga skrinishoti zenye namba na tarehe, sikumjibu neno. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, na hilo linamshika yeye kama linavyotushika sisi. Wakili alimwandikia ujumbe mfupi kumkumbusha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Akapotea. Wakili wa namna hii mtafute ukiwa na amani, umweleze hali yako, umwulize bei yake. Kama huna hela, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hata wilayani, lakini pima kwanza msimamo wa mtu kwa mambo madogo kabla hujamfungulia moyo. Kaka zetu walio kuchu wanakabiliwa na jambo zito zaidi, kupelekwa hospitali kupimwa mwili kwa nguvu. Namba ya wakili wao wanapaswa kuikariri kichwani, kwa sababu simu ndiyo inachukuliwa mwanzo.

Na kuhusu simu: siku ya shoo mimi hubeba simu ndogo ya batani. Ile kubwa inabaki nyumbani imefungwa kwa namba ya siri. Kidole chako au uso wako mtu anaweza kuutumia ukiwa umeshikwa, namba ya siri iko kichwani mwako. Picha zetu wawili hazikai kwenye simu hata moja.

Kuiondoa klipu ilikuwa kazi, na njia iliyofaa iliwashangaza wengi. Sikulalamika kwamba nimetukanwa, kwani malalamiko ya matusi yalikuwa yanarudishwa bila majibu. Nililalamika kwamba kazi yangu imetumika bila ruhusa. Shairi ni mali. Linalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mimi nilikuwa na daftari lenye tarehe na rekodi yangu mwenyewe ya shairi zima. Mitandao inalichukulia dai la hakimiliki kwa uzito. Kurasa kubwa zilizoirusha zikaishusha moja baada ya nyingine. Zile za WhatsApp haziwezekani, hizo nilikubali kuishi nazo. Mashairi yako yaandike tarehe, jirekodi mwenyewe kabla hujarekodiwa, na kama una uwezo yasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, nao uwe nao. Niliwahi kuulizwa kibali katikati ya jioni ya mashairi na mtu aliyekuja akitafuta kosa, nikakitoa, akakosa pa kushika.

Hela. Nilikuwa na akiba ya kama laki sita, ikaisha haraka kwa kuhama, nauli na wakili. Nikaandika mashairi ya harusi, kipaimara na maziko kwa jina la rafiki ambaye alichukua robo. Msimu wa zabibu ulipofika, nikawa nanunua kwa wakulima wa Hombolo na kuziuza stendi ya Nzuguni. Kuna jioni nilikuwa nimeshika sahani ya zabibu chini ya dirisha la basi na kijana mmoja ndani akanitambua. Akanunua, akasema taratibu, "Dada, lile la kijiko kijiko ninalo lote." Kuna rekodi nzima ilikuwa inazunguka pia, na sikuwa najua. Nilimaliza kuuza siku ile nikiwa na nguvu ambazo sijui nizielezeje. Kama unategemea ofisi kama nilivyokuwa nategemea mimi, weka pembeni kodi ya miezi sita na mtaji wa kitu cha kuuza, ndipo shairi lile litoke.

Kuhusu uandishi wenyewe, nimeulizwa mara nyingi kwa nini nisimgeuze mpenzi wa kwenye shairi kuwa mwanamume, yaishe. Nimeona waghani hodari wakifanya hivyo, na nawaelewa, hofu ni ya kweli. Lakini nimesikia sauti zao zikilegea kwenye mstari ule. Mwili unajua. Mimi nimechagua kuandika vitu tunavyovigusa: sufuria, kamba, foleni ya maji, daladala ya mwisho kutoka Jamatini, mkono unaokupokea mfuko gizani. Vitu hivyo havidanganyi na wala havimtaji mtu. Msikilizaji mwenye moyo anaona nyumba yenye upendo. Mwenye hila inambidi akate kipande na kuongeza maneno yake ndipo apate cha kurusha, kama alivyofanya yule.

Jioni zetu sasa zina kapu mlangoni. Simu zote zinaingia humo, pamoja na ya kwangu, na anayekataa anarudishiwa elfu tano yake kwa heshima. Tunaalika kwa mdomo, mtu na mtu anayemdhamini. Watu wamepungua lakini wanasikiliza vizuri zaidi.

Ofisi zimeanza kurudi, moja moja. Mwaka huu nilipigiwa kuhusu shughuli ya Machi 8, shairi la ukatili wa kijinsia, wahudhuriaji wengi wao watumishi. Niliomba oda ya maandishi, nusu ya malipo kabla, na sharti kwamba shairi likishakubaliwa halikatwi. Ubeti wa nne niliwaandika wanawake wanaotolewa vyombo nje usiku kwa sababu ya maneno ya majirani. Sikusema ni maneno gani. Afisa alilisoma akiwa amekaa mbele yangu, akarudi kwenye ubeti ule, akaniuliza kama haya yanatokea hapa Dodoma. Nikamwambia yanatokea, na nimeyaona. Akasaini.